Si kuchora tu: kazi ya mchoraji wa kujitegemea katika miji yetu

Mama mmoja wa Kadutu anayetengeneza sabuni aliingia kwangu na telefone mkononi. Alinionyesha picha ya sabuni ya ng'ambo aliyoikuta Facebook, akasema: "Petit, minataka unifanyilie sawa hii, lakini uandike jina yangu. Niko na dola kumi." Nilimuomba akae. Nilipomwambia bei yangu ni dola 60, akasimama tena. "Makumi sita? Juu ya karatasi ya sabuni? Si ni kuchora tu?"

Swali la yule mama linafika hapa redioni pia, tena mara nyingi. Wenye maduka wanalalamika kwamba wachoraji wanaomba pesa nyingi; vijana wanaochora wanalalamika kwamba hawalipwi. Njo maana wenzangu wa redio wamenipa nafasi nieleze namna kazi hii inavyotembea, na kwa nini inaleta ugomvi. Miye ninachora kwa kujitegemea hapa Bukavu. Maana yake sina patroni, sina mshahara wa mwisho wa mwezi, ninaishi kwa komande. Leo ni karatasi ya sabuni, kesho pankarte ya famasi, kesho kutwa afishi ya shirika juu ya chanjo. Katikati yake kuna korali inayotaka bashi ya jubile, wanafunzi wanaomaliza masomo, kikundi cha akiba kinachotaka kashe yenye alama yake, na familia iliyofiwa inayohitaji sura ya marehemu kwenye trikoti za matanga kabla ya kesho asubuhi. (Hiyo ya matanga sibishani bei. Ninafanya usiku, watalipa wakipata.)

Kazi hii si mpya katika inchi yetu. Chéri Samba, ambaye tablo zake leo ziko katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani, alifika Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana, akaanza kwa kuchora pankarte za watu. Mwaka 1975 akafungua atelie yake mwenyewe. Ile desturi yake ya kuandika maneno ndani ya tablo ilitokana na jambo ambalo kila mchora pankarte analijua: watu wanapita mbele ya picha bila kusimama, lakini ukiweka maandishi wanasimama wasome. Kule Lubumbashi, miaka ya 1970, familia za wafanyakazi zilinunua tablo za Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, wakazitundika katika chumba cha kupokelea wageni. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akichora kwa ajili ya nyumba za namna hiyo. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alipata mnunuzi mwenye kusikiliza, mtafiti Johannes Fabian, akamchorea historia nzima ya inchi, karibu tablo mia moja, na akamweleza tablo moja moja kwa Kiswahili cha kule. Na Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, kabla hajajulikana Ulaya kwa vitabu vyake vya katuni alikuwa amekwisha kuchora katuni za kufundisha watu ulinzi wa mazingira.

Ninawataja hawa juu ya jambo moja tu. Walikula kwa komande za watu wa kawaida. Hakuna aliyengoja aitwe msanii kwanza.

Sasa turudi kwa mama wa sabuni. Alipokaa tena, nilimwuliza maswali ambayo hakuyategemea. Sabuni yako inauzwa wapi? Chini, kwenye sheti, katika soko, pembeni ya sabuni zingine saba. Nani anainunua? Wamama, lakini kwa kweli ni watoto, maana mama yuko anafua na anamtuma mtoto. Huyo mtoto anajua kusoma? Wengine ndiyo, wengine bado. Basi atasema nini akifika pale? Hapo mama alinyamaza. Ndipo tulipoanza kazi yenyewe.

Alama nzuri ya bidhaa ya soko ni ile ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kuitaja kwa neno moja. "Nipe ya simba." "Nipe ya nyota." Kama mtoto hawezi kuitaja, muuzaji atampa yoyote iliyo karibu. Ile picha ya ng'ambo aliyoniletea ilikuwa na mwanamke mweupe, povu, maua, na maandishi ya dhahabu yaliyopinda. Mtoto atasema nini hapo? Tena ukiiga alama ya mwingine, kwanza unajitafutia kesi, pili unamtangazia yeye: watu wataiita sabuni yako kwa jina lake.

Tulitafuta pamoja. Mama alitaka kwanza njiwa. Nikamwambia makanisa yote yako na njiwa, mtu atafikiri ni sabuni ya parokia. Akataka mawese, juu sabuni yake inatoka kwa mawese, lakini kishada cha mawese kikichorwa kidogo kinafanana na nanasi. Mwishoni mwanawe aliyekuwa mlangoni akasema bata, kwa sababu bata iko mu maji kila siku na iko safi. Bata mweupe, mistari mitano, mdomo, jicho, mawimbi mawili chini yake. Nilimchora mara thelathini hivi ili wabaki watatu, na kati ya watatu mama akachagua mmoja.

Kisha kuna rangi. Mama alitaka nne. Nikamwonyesha hesabu ya imprimeri: rangi moja ya bluu kwenye karatasi nyeupe inaweza kuchapwa mahali popote, hata fotokopi nyeusi ikilazimu, na bata atabaki bata. Rangi nne zinaomba mashine nzuri na zinaongeza bei ya kila karatasi, mwezi kwa mwezi. Hapo mchoraji anamwokolea mteja pesa, lakini kwa bahati mbaya pesa iliyookolewa haionekani kwenye fakture. Halafu nilichapa bata kwa upana wa sentimita tatu, nikaiweka chini uani na kurudi nyuma hatua nne. Mdomo haukuonekana. Nikaunenepesha.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Nusu siku ya mazungumzo na michoro ya penseli. Siku nzima ya kutafuta umbo. Siku moja kwenye ordinateri, ambayo kwa delestaji ni siku mbili. Nusu siku ya masahihisho. Jumla siku tatu za kazi halisi. Esansi ya grupu nilipokosa umeme, mega za intaneti, karatasi za kujaribu, motari wa kwenda na kurudi imprimeri: dola 13. Ukitoa 13 katika 60 zinabaki 47, yaani chini ya dola 16 kwa siku, na si kila siku kuna komande. Upande wa mama: kama atachapa karatasi 2000 za kwanza, mchoro umemgharimu senti tatu kwa sabuni moja, na katika 2000 zinazofuata haumgharimu kitu. Tulipofanya hesabu hiyo kwenye kaye ya mwanawe, ugomvi ulipungua. Haukuisha.

Kuna komande zingine ambazo mchoro ukikosewa, anayepoteza si mfanyabiashara. Msimu mmoja wa kipindupindu, komite ya maji ya kilima chetu ilikusanya faranga nyumba kwa nyumba, ikaniomba kibao cha kuweka karibu na robine ya watu wote. Kulikuwa na watoto wamelala hospitali. Nilifanya haraka, usiku mmoja, nikiwa na uhakika mkubwa. Viraba vine: maji machafu yenye mdudu mkubwa ndani yake na alama nyekundu ya kukataza juu yake, mtu ananawa chini ya robine, sufuria ya maji inachemka, familia inacheka.

Asubuhi nilimwonyesha mama mzee mmoja aliyekuja na bidoni yake. Nilimwuliza tu: unaona nini? Alitazama sana. Akasema alama nyekundu ile ni ya watu wa Msalaba Mwekundu, basi pale njo wataleta maji. Juu ya mdudu alisema: "Huyu hatuyamuonaka mu maji yetu, Mungu asifiwe." Na yule anayenawa kwenye robine inayomwagika, akauliza ni wa inchi gani, maana yetu inatoa maji mara mbili kwa juma na kama uko na bahati.

Kwa maneno mengine, kibao changu kilikuwa kinawaambia watu kwamba maji yao ni mazuri na kwamba msaada unakuja. Watu wa afya wanasimulia kisa kinachofanana na hicho juu ya malaria: waliwaonyesha watu picha ya mbu aliyekuzwa sana ili waone vizuri miguu na mdomo wake, na watu wakafurahi kwamba kwao mbu si wakubwa namna ile. Nilikijua kisa hicho na kukicheka. Halafu nikafanya kosa lilelile.

Tulirudia. Alasiri tatu nilikaa pale robine na penseli, nikiuliza watu mmoja mmoja. Mdudu akatoka. Alama nyekundu ikatoka, mahali pake ukaingia mkono wa mama ukimzuia mtoto asinywe. Robine ikabaki robine yetu yenyewe, na ngazi zake zilizovunjika, ili mtu ajue tunamsema yeye. Kunawa kukawa ni kwa kibidoni kilichotobolewa na kutundikwa kwa kamba, kama tunavyofanya nyumbani. Maji ya kunywa yakawa katika bidoni yenye kifuniko, na kikombe chenye mpini pembeni, maana vidole vinavyoingia ndani ya ndoo ndivyo vinavyochafua maji yaliyokwisha kuchemshwa. Mishale niliitoa yote; kuna watu ambao mshale kwao ni mshale wa kuwinda. Maneno yalibaki sita tu, ya Kiswahili cha hapa hapa.

Kuchora kulichukua siku moja. Kuuliza kulichukua tatu. Komite ilipoona fakture ikauliza kwa nini ilipie siku za "kuzungumuza". Nilijibu kwamba walichonunua ni zile siku tatu, mchoro ni karatasi iliyozibeba. Sitadai kwamba kipindupindu kiliisha kwa ajili ya kibao changu. Kilichokosekana ni maji, na maji hayachorwi. Lakini kibao cha kwanza kingebaki, kingeweza kumdhuru mtu.

Wakaaji wa Beni, Mangina na Butembo wanaelewa jambo hili kuliko miye. Tangu tarehe 1 mwezi wa nane 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2200, karibu wote katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Afishi zilikuwa kila mahali: kwenye bariere, shuleni, kanisani. Miaka michache mbele yake, Afrika ya Magharibi mwaka 2014, afishi za mwanzo ziliandika kwamba Ebola haina dawa. Watu walifikiri kwa akili nzuri kabisa: kama haina dawa, kwa nini nimpeleke mgonjwa wangu katika hema lenu? Ikalazimu maneno na picha vibadilishwe. Aliyechora hakuwa na nia mbaya. Hakuuliza tu anayetazama ataelewa nini.

Na huku kwetu kuna swali lingine ambalo mchoraji wa mji wenye amani halijui. Chora mkulima na jembe upande mmoja, na mchungaji na ng'ombe upande mwingine, uandike chini "tuishi pamoja". Umefikiri umechora amani. Anayepita anauliza: huyu wa ng'ombe ni nani? Kwa nini pua yake iko vile? Kwa nini yeye yuko juu na yule wa jembe yuko chini? Kwa nini mmoja ana viatu? Kila kitu kinasomwa: urefu wa mtu, kitambaa cha kichwa, rangi inayofanana na ya chama fulani, kofia inayofanana na ya askari wa upande fulani. Nimeacha kuchora silaha hata pale shirika linapoomba silaha iliyovunjwa, maana kwa mbali watu wanaona silaha tu. Katika afishi za namna hiyo ninachora mikono, masufuria, migongo ya watu wanaobeba. Mgongo hauna kabila. Kuna kazi ambazo siandiki jina langu chini yake, na anayeishi huku hataniuliza sababu.

Mashirika, basi, yanapotaka afishi "kesho asubuhi" juu ya mambo ya jamii, ninawaomba kwanza wanipe watu watano wa pande mbalimbali wa kuonyesha mchoro wa penseli. Wengine wanakubali. Wengine wanatafuta mchoraji mwingine.

Nifike sasa kwenye faili, maana hapo njo wizi unapoingilia, na mara nyingi hata mwizi hajui kama anaiba. Nilimchorea korali moja malaika anayepiga ngoma, kazi niliyoipenda. Nikawapa faili nzima, ile ninayoweza kubadilisha kila mstari wake. Wao wakaipeleka sekretaria moja ya mjini ili ichapwe bashi. Miezi miwili baadaye ninapita mbele ya nganda moja, ninamwona malaika wangu kwenye bashi ya pombe. Mabawa yametolewa, ngoma imekuwa kreti. Mwenye nganda alikuwa amelipa kwa haki yake pale sekretaria. Kijana wa sekretaria alisema faili ilikuwa ndani ya mashine yake, basi alifikiri ni ya mashine. Waliokasirika zaidi ni watu wa korali, na walinikasirikia miye.

Sheria iko. Ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986 inalinda haki za watunzi katika inchi yetu, na ndani yake michoro na tablo zimo sawa na vitabu na muziki. Kununua mchoro hakumaanishi kununua haki ya kuuchapa popote, milele, na kuwapa wengine. Lakini nani ataenda tribinali kwa ajili ya malaika wa dola 50? Mimi sikwenda. Ninachofanya tangu siku ile ni kuandika katika karatasi, hata ya kaye, mambo machache: mchoro ni wa nini, utachapwa juu ya nini, kwa muda gani, nani anaweza kuubadilisha. Tunatia mikono yote wawili. Na faili ya kubadilisha ninaitoa kwa bei yake, tofauti na ile ya kuchapa.

Tofauti hiyo wateja wengi hawaijui, basi nieleze. Kuna picha ya vidoto na kuna picha ya mistari. Picha ya telefone ni ya vidoto: ukiikuza, vidoto vinakuwa vikubwa na picha inajaa ukungu. Ili karatasi ya A4 ichapwe vizuri inahitaji vidoto 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu. Logo uliyoitoa kwenye WhatsApp mara nyingi haina hata nusu yake, kwa sababu WhatsApp inaipunguza picha ili ipite haraka. Kama ni lazima utume kwa njia hiyo, itume kama dokima, si kama picha. Picha ya mistari yenyewe ordinateri inaihesabu upya kila mara, kwa hiyo bata yuleyule anatoka kwenye kashe ya sentimita tatu na kwenye bashi ya meta tatu bila kuharibika. Logo lazima iwe ya namna hii. Mchoraji akikupa logo ya vidoto tu, hajamaliza kazi.

Rangi nazo zinaleta maneno. Telefone inatengeneza rangi kwa mwanga, imprimeri inatengeneza kwa wino. Ile bluu inayong'aa usiku kwenye ekrani haiwezi kutoka kwenye karatasi, hata mashine ikiwa mpya. Mteja anafikiri imprimeri imemdanganya. Ninachapa karatasi moja mbele yake kwanza, atie mkono juu ya karatasi, si juu ya ekrani.

Malipo: nusu mbele, nusu siku ya kutoa faili. Avansi ndogo kuliko hiyo nimeijaribu, na kabati yangu imejaa michoro ambayo wenyewe hawakurudi. Wakati wa kampeni ya uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2023 nilimchorea kandida mmoja vipeperushi kwa ahadi ya "baada ya matokeo". Matokeo yalipotoka akazima telefone. Ndugu zangu wachoraji wanaocheka hapa, wengi wenu yamewapata. Pesa ikipita kwa telefone, M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, mesaji inabaki kama ushuhuda, na imewahi kuniokoa. Kabla avansi ya pili haijaingia ninaonyesha mchoro wenye mstari uliopita katikati. Masahihisho mawili yako ndani ya bei, la tatu linalipwa. Bila mpaka huo, kila binamu wa mteja atakuja na wazo lake, na shemeji atataka simba.

Lakini wachoraji nao wana makosa yao, tusifiche. Tunachukua komande tano tukijua tunaweza mbili. Tunaahidi ijumaa, tunatoa juma la pili, umeme ukabeba lawama yote. Kuna wanaochukua picha ya mtandaoni, wanabadilisha rangi, wanaiuza kama yao, halafu wanalia wakiibiwa. Mteja aliyepoteza tarehe ya harusi yake hawezi kurudishiwa harusi. Kama sitamaliza, ninapiga telefone siku mbili mbele, si siku yenyewe.

Sasa hivi wateja wanafika pia na picha zilizotengenezwa na akili bandia kwenye telefone: mama mwenye vidole sita, robine inayotoka ukutani bila bomba, maandishi yanayofanana na Kiswahili lakini si Kiswahili. Siwafukuzi. Picha hiyo inanisaidia kuelewa wanachotaka, sawa na ile ya Facebook ya zamani. Kwa tangazo dogo la siku moja, wengine hawatatuhitaji tena, na hiyo ni pesa tuliyokuwa tunakula. Kukaa robine alasiri tatu na kumwuliza mama mzee anaona nini, hiyo bado inaomba mtu.

Kwa vijana wanaoniuliza waanzie wapi: penseli na kaye kwanza, kisha programu za bure. Inkscape ni ya picha za mistari, Krita ni ya kupaka rangi, zote mbili hazilipishwi na zinatembea hata kwenye ordinateri ya mutumba. Usinunue programu iliyovunjwa kufuli pale kwenye sekretaria, inakuja na virusi vitakavyokula kazi yako. Na weka kazi zako mahali pawili.

Mama wa sabuni alirudi siku ya tatu. Alilipa 30 mbele, 20 baada ya mwezi, na 10 zilizobaki nilizifulia nguo, kartoni nzima. Wiki iliyopita amepita tena: anataka kuanza sabuni ya kuogea, yenye harufu. Aliuliza kama bata wa pili atamlipisha sitini zingine. Nilimwambia bata atabaki yuleyule, tutabadilisha rangi na maandishi tu, dola kumi. Akatoa kumi palepale, akaomba risiti.